Nani Kasema Nyangumi ni Mwizi?

Katika Ghuba ya Alaska, wavuvi hutandaza kilindini mshipi mrefu wenye maelfu ya ndoana. Wakati wa kuuvuta, nahodha huingiza na kutoa gia mara kwa mara ili mashua isiuache mshipi. Kila akifanya hivyo, rafadha huchemsha maji kwa mapovu, na mapovu yakipasuka hutoa kelele. Majini, sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kilomita kadhaa kutoka hapo, nyangumi wenye meno husikia, wakaelewa: chakula kinapanda. Si ajabu. Hata mimi huijua matatu yangu kwa honi kabla haijakata kona.

Wapo wanaowaita wezi. Sisi wa mtaani tunajua uzito wa neno hilo. Likishapigiwa kelele, hakuna anayesikiliza tena. Lakini mwizi ni yule anayejua kitu kina mwenyewe. Nyangumi aliwafuata samaki hawa gizani kabla injini haijakuwapo. Sisi tumempakulia, halafu ati tunalia akila!

Hata hivyo simwonei mvuvi. Samaki aliyeliwa ni karo ya mtoto wa mtu. Ndiyo maana nawaheshimu wanaotumia madema, mitego ya kufungika iliyoruhusiwa tena huko 2017 kwa uvuvi huo. Nyangumi husikia vilevile, ila hapati kitu. Paka akila mboga, kabla hujamchapa, hebu jiulize: sufuria ilifunikwa?