Haki Isiyoona Uso



Mwezi huu napenda tulitafakari swali moja. Je, mtu anayekutendea haki kwa sababu tu hakuoni, amekutendea haki kweli? Laweza kuonekana kama mchezo wa maneno, lakini historia ya biashara ya posta huko Marekani yaonyesha kuwa si mchezo.

Mwaka 1872, mjini Chicago, Aaron Montgomery Ward alichapa karatasi moja yenye bidhaa 163 na bei zake, akawapelekea wakulima. Mkulima alichagua kitu, akaandika barua, na kitu kikamfikia kwa gari moshi. Baadaye Richard Sears, aliyeanza kwa kuuza saa mwaka 1886, aliifuata njia hiyo. Katalogi ya kampuni yake, Sears, Roebuck, ikawa kitabu kinene chenye nguo, majembe, cherehani, na hata nyumba nzima za mbao zilizokwisha kukatwa, tayari kujengwa. Serikali nayo ilisaidia: mwaka 1896 ilianza kupeleka barua hadi mashambani, na tarehe 1 Januari 1913 posta ikaanza kubeba vifurushi vikubwa.

Sasa tutazame majimbo ya kusini ya nchi hiyo, ambako sheria za ubaguzi zilitawala. Wamarekani weusi wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Duka la karibu mara nyingi lilikuwa moja tu, pengine mali ya mwenye shamba mwenyewe. Mteja mweusi alisubiri mpaka Wazungu wahudumiwe. Alikopa unga na mbegu kwa riba kubwa, akaweka rehani pamba iliyokuwa bado shambani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilikuwa la mwenye duka, naye ndiye aliyejumlisha hesabu.

Kwa watu hao katalogi ilikuwa ukombozi mdogo. Bei ilichapwa, nayo ilikuwa ile ile kwa kila mtu. Barua haina rangi ya ngozi. Twasema macho hayana pazia. Basi bahasha ndiyo iliyokuwa pazia. Haishangazi kwamba baadhi ya wenye maduka walizichukia katalogi, na wengine wakazichoma moto hadharani.

Wako watakaosema: hiyo si haki, ni kutojua tu. Kampuni haikumheshimu mtu, ilitaka fedha zake. Tena katika miaka ya mwanzo ilitaka fedha taslimu, na asiyekuwa nazo hakupata kitu. Mwenye duka mwema, kinyume chake, anajua kwamba mwaka huu mvua haikunyesha, naye humsubiri jirani yake. Hoja hii ina uzito.

Sisi walimu twalijua jambo hili. Katika mtihani wa taifa mtahiniwa huandika namba badala ya jina, ili msahihishaji asijue ni mtoto wa nani. Utaratibu huo ni mwema, na mtoto wa maskini ndiye wa kwanza kuushukuru. Hata hivyo hakuna mtoto aliyelelewa kwa namba. Mwalimu wa darasani asiyejua ni nani amekuja shuleni bila kula, kazi yake ni nusu.

Kwa maoni yangu, haki isiyoona uso ni haki, wala tusiidharau. Aliyedhalilishwa kaunta hawezi kuambiwa angoje mpaka mioyo ya watu ibadilike. Lakini ni dawa tu, na dawa hutumiwa kwa sababu kuna ugonjwa.

Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo ya Sears, Roebuck, hakutosheka na bahasha. Tangu mwaka 1912, akishirikiana na Booker T. Washington wa chuo cha Tuskegee, alisaidia kujenga shule za watoto weusi huko kusini. Wenyeji nao walichanga fedha, ardhi, mbao na nguvu zao. Hadi mwaka 1932 yalikuwa yamejengwa majengo zaidi ya 5,300. Shule hizo hazikuuvunja ubaguzi, lakini Rosenwald alikuwa amekwenda kuwatazama watu ambao katalogi yake haikuwaona.

Kitabu kile kikubwa cha Sears kilikoma mwaka 1993. Leo wengi wetu huagiza vitu kwa simu, na muuzaji hatuoni. Ni vema. Lakini kaunta bado ziko: dukani, zahanati, ofisini, hata mlangoni mwa kanisa. Hapo uso unaonekana, na kanga iliyochakaa inaonekana. Je, mwenye kanga hiyo tunampa bei ile ile na zamu ile ile? Hapo ndipo haki yetu inapopimwa, maana hapo hakuna bahasha ya kutusaidia.