Kibao cha Zakaria

Mgonjwa wa saratani akiambiwa kwamba zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, lazima kiondolewe chote, huenda asiulize habari ya kisu. Atauliza: nitaishije bila sauti? Wapo wanaoona heri kufa nayo. Tusiwacheke. Hapa Muleba sauti ni heshima ya mtu. Kwayo tunaamkia wakubwa, na kwayo mzee huwakabidhi wanawe kibanja.

Tuseme wazi upasuaji huu unafanya nini. Theodor Billroth aliufanya Vienna mwaka 1873. Siku hizi jambo la msingi ni hili: njia ya hewa hutenganishwa na kinywa, na mtu hupumua kwa tundu la shingoni maisha yake yote. Harufu ya kahawa ikikaangwa haimfikii kama zamani, kwa kuwa hewa haipiti tena puani. Pumzi haizuiliki kifuani, basi kunyanyua mkungu mzito wa ndizi ni taabu. Moshi wa jikoni huingia moja kwa moja mapafuni, ndiyo maana tundu hufunikwa kitambaa chepesi. Na mvuvi wa Bumbire au Goziba akitumbukia ziwani, kufunga kinywa hakumsaidii kitu.

Mwanzo yasimulia kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai puani. Huyu anapumulia shingoni, na pumzi ni ile ile. Hilo kuliamini si kazi kwetu. Kazi ni sauti.

Zipo njia za kusema tena. Wengine hujifunza kuingiza hewa katika umio na kuitoa ikinguruma. Wengine hushika kifaa cha betri shingoni. Wengine huwekewa vali ndogo, ambayo hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Kwa mkulima wa huku, safari hizo za hospitali ya rufaa, Bugando kule Mwanza au mbali zaidi, si nyepesi. Kwa hiyo yupo atakayebaki na kalamu, mikono, na midomo inayocheza kimya kama ya Hana kule Shilo, ambaye kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa.

Tumsome basi Zakaria, Luka sura ya kwanza. Malaika alimwambia habari ya kutosema tu, lakini majirani wakamwashiria kwa mikono kana kwamba na masikio yamekwenda. Nasi hufanya hivyo: tunampazia sauti mtu anayesikia vizuri, au tunamwuliza mkewe, "Mzee anasemaje?" na mzee ameketi papo hapo. Hata hivyo majirani wale walifanya jambo moja jema. Walimwuliza. Jina la mtoto halikupitishwa bila baba yake. Akataka kibao, wakampa, wakangoja amalize kuandika, na alichoandika kikapindua walichokwisha kukubaliana wao.

Basi swali la mgonjwa, nitaishije, kwa sehemu kubwa twapaswa kulijibu sisi. Kikao cha usharika kikifunga ajenda naye hajamaliza mstari wake, daktari hahusiki tena; sauti hiyo tumeiondoa wenyewe. Kungoja ni dakika mbili, labda tatu. Tunangoja zaidi ya hapo spika zirekebishwe.

Wala tusimharakishe kushukuru. Kweli yu hai. Lakini aliyeimba besi miaka ishirini amefiwa na kitu, na Zaburi zimewapa nafasi wanaolia.

Siku ya ushuhuda aandike, na amchague mwenyewe wa kumsomea. Na ikitokea pumzi imemkatika ibadani, hewa ya kumwokoa hupulizwa katika lile tundu la shingoni, siyo kinywani. Wazee wa usharika na vijana wa zamu waelezwe hilo kabla ya Jumapili.