Kutoka Griftu Hadi Visimani

Juzi alfajiri mimi na mama watoto tulitoka Griftu kwenda Wajir, jua likitupiga usoni njia nzima. Nilitaka auone mji ule kwa utulivu, si kwa haraka za siku ya soko.

Tulianzia visima vya Orahey. Wafugaji walinywesha ngamia Wajir kabla Mwingereza hajajenga boma lake. Maji hayako mbali chini ya mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyouzaa mji.

Kisha tukaenda Wagalla, nje ya mji. Hapo tulinyamaza. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume, wengi wa ukoo wa Degodia, kwenye kiwanja cha ndege cha hapo, wakawaweka siku kadhaa juani bila maji, na mamia wakauawa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu kifua kikuu Wajir, aliwaendea majeruhi. Baadaye akalazimika kuondoka Kenya.

Kiu, msikilizaji, mwendo mfupi tu kutoka kwenye mji wa visima! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mke wangu alifungua chupa yake ya maji, akaitazama, akaifunga tena.