Najisi Haiondoi Haki ya Mbwa

Mimi ni daktari wa mifugo, na ni Muislamu niliyelelewa Tanga katika madhehebu ya Shafi. Kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini wakishamaliza ya dawa: inafaa kumshika mbwa mgonjwa? Jibu langu ni kwamba inafaa, na aliyemfuga hana ruhusa ya kukwepa.

Maradhi ya fangasi ndiyo yaliyonifanya nilichukulie swali hili kwa uzito. Yupo fangasi aitwaye aspajilasi, anayeishi kwenye udongo, nyasi kavu na majani yaliyooza. Mbwa humvuta kila siku bila kudhurika. Lakini kwa baadhi yao, hasa wenye pua ndefu kama German Shepherd, huota ndani ya pua na kuila mifupa myembamba iliyomo. Ukimtazama mbwa huyo toka barazani utaona anapiga chafya tu. Dalili zenyewe zinataka usogee.

Mzee mmoja, mlinzi wa nyumba ya Raskazone, Tanga, alikuwa akimsukumia mbwa wake sahani kwa fimbo. Mbwa hakulala njaa hata siku moja. Aliponiita alisema mbwa anatokwa damu puani, labda ni kupe. Dhana yake ilikuwa na msingi, maana homa ya kupe nayo huleta damu puani. Nikamwomba amshike kichwa.

"Daktari, mimi nina udhu."

"Udhu hautenguki kwa hilo, mzee wangu. Utaosha palipoguswa."

Akachuchumaa, akamshika. Damu iliyochanganyika na kamasi zito ilitoka tundu moja tu. Ukingo wa tundu hilo, uliopaswa kuwa mweusi ti, ulikuwa umepauka na kuchubuka. Nilipobonyeza kidogo juu ya pua, mbwa alikwepesha kichwa kwa maumivu. Nikaweka unyuzi wa pamba mbele ya kila tundu, ukapepea kote kuwili. Uvimbe wa saratani mara nyingi huziba hewa, ilhali fangasi huyu hula hadi njia ikapanuka.

Dalili hizo si hukumu ya mwisho. Uhakika hupatikana kwa kamera ya puani na sampuli iliyopimwa maabara. Hata hivyo zinatosha kutuambia tusiendelee kumchoma sindano za antibayotiki tukingoja apone. Mfupa unaotenganisha pua na ubongo ukishatobolewa, hata tiba yenyewe huwa ya hatari. Tiba hiyo ni kumlaza mbwa kwa nusukaputi na kuijaza pua dawa ya klotrimazo kwa muda wa kama saa moja, kwani vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Anayegundua mapema ni yule anayemwona mbwa kila siku kwa karibu.

Sasa turudi kwenye dini. Kwetu Mashafi, umajimaji wa mbwa ni najisi, na uoshaji wake ni mara saba, moja kwa udongo. Imam Malik aliona mbwa aliye hai ni twahara. Mimi nafuata nilivyofundishwa, na naosha. Lakini sheria inayokufundisha namna ya kuosha imeshakubali kwamba utagusa. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na mafaqihi wameandika kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Siwezi kuona namna wajibu huo unavyoishia kwenye sahani, huku pua ikiliwa.

Tunamsimulia kila mtoto wa chuoni habari ya mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, yaani soksi ya ngozi, akapanda akiwa ameiuma kwa meno ili amnyweshe. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama wanyama nao wana ujira, Mtume akawajibu kwamba upo kwa kila kiumbe chenye uhai.

Nawaomba walimu wetu wa madrasa wasome milango hii miwili pamoja, wa najisi na wa huruma. Mtoto akifundishwa wa kwanza peke yake atakua akidhani kujitenga na maumivu ya kiumbe ni sehemu ya ibada. Aelezwe kwamba maji na udongo viliwekwa kwa ajili ya mtu aliyesogea.