Rafiki Anapoanguka Tena

Soma Wagalatia 6:1–5. Kwa nini Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo, kisha anasema kwamba kila mtu ana furushi lake mwenyewe?

Fikiria ndugu aliyeacha pombe miezi minane iliyopita. Aliacha pamoja na rafiki yake. Waliombeana na kupigiana simu kila jioni. Usiku mmoja simu inalia. Rafiki amelewa, yuko kilabuni, anaomba aje kuchukuliwa. Asipokwenda, je, amemtupa nduguye? Akienda, je, yeye mwenyewe atatoka salama?

Mnamo Novemba 1934, huko New York, Ebby Thacher, aliyekuwa ameacha pombe, alimtembelea rafiki yake wa zamani, Bill Wilson, aliyekuwa mlevi. Akamweleza jinsi Mungu alivyomsaidia. Mwezi uliofuata Wilson aliacha kunywa, na mwaka 1935, pamoja na daktari Bob Smith, akaanzisha Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Lakini mwaka 1937 Thacher mwenyewe alirudia kunywa, na katika miaka iliyofuata alianguka mara nyingi. Wilson hakumfuata kwenye chupa, wala hakumkana. Aliendelea kumsaidia na kumheshimu kama mtu aliyemwonyesha njia. Thacher alifariki mwaka 1966 akiwa ameacha pombe.

Hapa tunaona tofauti kati ya mzigo na furushi. Aibu ya aliyeanguka, njaa ya watoto wake, safari ya kwenda hospitali: hiyo ni mizigo, nasi tunaweza kuibeba pamoja naye. Lakini uamuzi wa kuweka kikombe chini ni furushi lake. Vivyo hivyo, kiasi chako ni furushi lako. Ukilitua ili umbebe yeye, mtakuwa wawili chini.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ndiyo, anguko lake ni onyo kwako, na Paulo anamtaka anayemrejeza mwenzake kwa upole ajiangalie pia. Lakini onyo si unabii. Kama nguvu zako zilimtegemea rafiki yako, una sababu ya kuogopa. Kama zinamtegemea Kristo, Yeye hajaanguka.

Angalia pia kwamba Paulo anaandikia makanisa, si mtu mmoja. Yule ndugu hapaswi kuingia kilabuni peke yake usiku. Anaweza kumwamsha mzee wa kanisa au shemasi ambaye pombe haimvuti, huyo akaenda, naye akabaki nyumbani akiomba. Kesho yake, rafiki akiwa amelevuka, akamtembelee na kuketi naye. Huko si kumtupa. Ndiko kuchukuliana mizigo.

Lakini atamwamsha nani, kama kanisani hakuna anayejua kwamba aliwahi kunywa? Mara nyingi tunashangilia ushuhuda siku ya ubatizo, kisha tunamwacha mtu apigane vita vyake kimya kimya kwa kuogopa midomo yetu. Hapo tunakuwa tumemwongezea mzigo badala ya kumpunguzia.

Katika kanisa lenu, mtu aliyeacha pombe anaweza kumpigia nani simu saa sita usiku bila kuona aibu? Je, anaweza kukupigia wewe?