Kutegemea Mara Ngapi

Dodoso langu lilikuwa na maswali kumi na mawili, na swali la nne ndilo lililonigombanisha na Mjomba. "Unategemea vituo vya umma vya kuchajia gari mara ngapi?" Majibu yalikuwa ya kuchagua: kila siku, kila wiki, kila mwezi, mara chache kwa mwaka, situmii kabisa. Niliona ni swali safi. Mjomba alilisoma kwenye simu yangu tukiwa tumeegesha nyuma ya supamaketi moja hapa Leicester, saa tano usiku, pilau lake likiwa mapajani ndani ya kopo la plastiki, waya mnene ukiwa umechomekwa ubavuni mwa gari.

"Sasa hili ni swali gani?" akasema. "Mtu anategemea au hategemei. Wewe unategemea miguu yako mara ngapi?"

Nilicheka, nikamwekea alama kwenye "kila siku", tukaendelea na swali la tano. Mjadala wenyewe ulikuja baadaye, na sehemu kubwa nimeufanya peke yangu.

Si mjomba wangu wa damu. Ni mtu wa Tanga aliyekaa dawati moja na mama yangu shule ya msingi, na kwa sababu hiyo tu, nilipofika Uingereza mwaka 2024 kusoma shahada ya uzamili ya mipango ya usafiri, nilipewa chumba cha juu kwa kodi ambayo naona haya kuitaja. Naye pia kapanga. Nyumba zetu ni zile za matofali mekundu zilizounganishwa mtaa mzima kama mabehewa. Ukifungua mlango wa mbele, hatua yako ya kwanza inatua kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hakuna ua mbele, hakuna banda la gari, na nafasi ya kuegesha barabarani ni ya atakayewahi.

Mjomba anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Alinunua gari la umeme kwa mkopo kwa sababu alipigiwa hesabu, na hesabu ilikuwa tamu. Tatizo ni kwamba ilikuwa hesabu ya mtu mwingine. Mwenye nafasi ya kuegesha gari nyumbani kwake hufunga chaja ukutani, akachagua mpango wa umeme wa usiku, na uniti moja akailipia kati ya peni 7 na 9. Kwenye vituo vya umma vya kasi, uniti hiyohiyo inacheza kwenye peni 80. Mjomba hula uniti kama 35 kwa siku ya kazi. Kwa bei ya usiku nyumbani, ni pauni mbili na ushee. Kwa bei ya nyuma ya supamaketi, ni pauni 28. Ukiigawa kwa maili, anazidi hata yule rafiki yake anayeendesha gari dogo la petroli, na bado hatujahesabu muda. Kuna foleni, kuna chaja iliyokufa, kuna programu ya simu inayomkataa kadi. Abiria wanamwita, na yeye amefungwa kwa waya kama mbuzi.

Aliyenifundisha somo la takwimu muhula ule alikuwa na gari la umeme pia. Nilimpa dodoso kwa majaribio. Alijibu swali la nne kwa uaminifu kabisa: mara chache kwa mwaka. Akanieleza kwamba mwaka uliopita alitumia kituo cha umma mara tatu, zote safarini kwenda Scotland, na kwamba moja ya chaja haikufanya kazi. Alisimulia mkasa huo kama watu wanavyosimulia mvua iliyowakuta kwenye harusi.

Sasa waweke hao wawili kwenye jedwali moja. Wengi wa wenye magari ya umeme Uingereza wana mahali pa kuegesha nyumbani, kwa hiyo ukiwauliza wenye magari kwa jumla, jibu litakaloshinda ni "mara chache". Ukimwonesha mtunga sera jibu hilo, atasema vituo vya umma ni kitu cha safarini. Wala hatakuwa amedanganywa. Wengi wasio na nafasi ya kuegesha hawakununua gari hilo tangu mwanzo, kwa hiyo dodoso linalowauliza wenye magari haliwafikii. Ni sawa na kusimama ndani ya jahazi na kuwauliza abiria kama kuna mtu aliyekosa nafasi.

Nilikulia Mbagala, Dar es Salaam. Kuna miaka tulinunua maji kwa ndoo kwa jirani mwenye bomba, na kila mtoto aliyebeba ndoo anajua kwamba lita ya ndoo ina bei kuliko lita ya bomba. Nilipoona bei za nyuma ya supamaketi sikushangaa hata kidogo. Kilichonishangaza ni jinsi nilivyoizoea mapema, kana kwamba mwenye kidogo kulipa zaidi ni kanuni ya dunia, kama maji kushuka mlimani.

Judith Shklar, mwanafalsafa aliyezaliwa Riga akafundisha Harvard, aliandika kitabu mwaka 1990 kiitwacho The Faces of Injustice. Swali lake linaonekana dogo: tunajuaje kwamba jambo hili ni bahati mbaya tu, na lile ni dhuluma? Anatuonya kwamba mpaka baina ya hivyo viwili haukuchorwa na maumbile. Mara nyingi tunaliita jambo bahati mbaya kwa sababu tu hatuko tayari kulishughulikia. Na ana jina kwa dhuluma ya mtu ambaye hakufanya lolote, raia anayeona na kupita.

Nikajaribu kumpima Mjomba kwa mizani hiyo. Kukosa ua mbele ya nyumba: bahati mbaya? Nyumba hizi zilijengwa wakati hakuna gari la aina yoyote. Huwezi kumshitaki fundi aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Bei ya kituo: hapo pia nisiwe mwongo. Mashine ya kasi ni ghali, ardhi inakodishwa, kuunganishwa na gridi ni gharama kubwa. Peni 80 zote si wizi. Lakini ndani ya bei hiyo kuna kodi. Umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5. Umeme wa Mjomba, nyuma ya supamaketi, ulikuwa ukitozwa asilimia 20. Ile asilimia 5 ni ya tangu 1997, na sababu yake ilikuwa ya huruma: kupasha nyumba joto wakati wa baridi ni hitaji la lazima. Aliyeiandika hakuwa anafikiria magari. Hakuna aliyekaa mezani akasema tumtoze zaidi dereva wa Tanga. Gari likaja likachomekwa kwenye ukuta wa nyumba, likarithi huruma iliyokuwa ya kipasha joto. Gari lisilo na ukuta halikurithi kitu. Nadhani hapo ndipo bahati mbaya inapokwisha. Jengo huwezi kulisogeza, ila asilimia ni tarakimu, na tarakimu hufutwa kwa kalamu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika insha nzuri ya darasani, nikiwa upande wa haki. Lakini mwezi Februari nilifanya jambo.

Nilimshawishi Mjomba tupitishe waya dirishani. Hakutaka. Nilimwambia usiku mmoja tu, tuone. Yako magari yanayokuja na chaja ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida; Waingereza huiita chaja ya bibi, kwa kuwa ndiyo unayotumia ukienda kumtembelea bibi yako asiye na chaja ya ukutani. Ni ya polepole, kama uniti 2 kwa saa, lakini usiku mzima unakusanya nusu ya siku ya kazi. Nikaunga ekstensheni, jambo ambalo maelekezo ya chaja yenyewe yanakataza. Nikaulaza waya juu ya njia ya waenda kwa miguu, nikaufunika kwa kipande cha zulia. Halmashauri nyingine huruhusu waya wenye kifuniko maalumu, nyingine hukataa, nyingine hukata mfereji mwembamba kwenye njia ili waya upite chini. Sikuuliza yetu inasemaje. Nililala kwa furaha ya mtu aliyeishinda serikali.

Alfajiri nilisikia kishindo, kisha sauti ya mwanamke mzee. Kwa Kiswahili.

"Wewe! Nani weka kamba hapa?"

Ni jirani wa nyumba ya tatu, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala na kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na maelfu ya wenzake, ambao wengi waliishia mji huu. Kiswahili chake kimebaki kilipoachwa, hakina ngeli lakini kina meno. Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, hutembea kwenda hekaluni. Miaka yake inakaribia themanini. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa njia, kashika goti, kandambili moja iko chini ya gari.

Hakuvunjika. Nasema hivyo haraka kwa sababu kwa dakika kadhaa sikujua. Nilimwinua, nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza: Bibi, kuna mtu hana pa kuchajia, kituoni wanamtoza mara kumi. Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa na mantiki yote ya sura ya pili ya tasnifu yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi iko na hii njia tu."

Hana gari. Basi hupita barabara ya pili. Katika kitu chote kinachoitwa cha umma mtaani kwetu, yeye anatumia mita mia tatu za lami kuelekea hekaluni, na ndizo nilizozitoa sadaka bila kumuuliza, nikiwa nimeamka kudai haki ya mtu mwingine. Kama ningempa dodoso la njia za miguu, angejibu "kila siku", na ningemweka kwenye jedwali na vijana wanaokimbia mazoezi jioni.

Mjomba hakunigombeza. Alikunja waya, akaurudisha kabatini, akapeleka maandazi nyumba ya tatu kwa siku nne mfululizo, na usiku akarudi nyuma ya supamaketi kulipa pauni 28. Aliponikuta nalifuta swali la nne alisema niliache. "Watu wataelewa unachouliza." Sikuliacha. Niliweka badala yake: "Kituo unachokitumia kikifungwa wiki moja, utafanya nini?" Nikaacha nafasi tupu ya kuandika, bila majibu ya kuchagua. Msimamizi wangu alinikumbusha kwamba majibu ya maandishi hayaingii kwenye jedwali. Ni kweli, na yananitesa hadi leo. Yule wa Scotland aliandika, "Nitapita njia nyingine." Mjomba hakuandika kitu, alinirudishia karatasi akasema hana muda wa mafumbo, kuna mtu anamsubiri stesheni.

Waya haujatoka kabatini tangu Februari. Lakini bibi wa nyumba ya tatu, kila alfajiri, akifika chini ya dirisha letu hushuka kwenye barabara ya magari, akalizunguka gari la Mjomba kwa nje, kisha akapanda tena mbele. Namsikia kwa kandambili zake.