Kadi Mpya Ikiingia, Ipi Inatoka?

Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja Susuni kula sikukuu. Anasoma chuo Mwanza, na kama vijana wengi wa siku hizi alishuka na begi dogo na chaja kubwa. Jioni moja tulikuwa tumekaa nje, mtandao unayumba, maana huku kwetu mpakani simu inaweza kukukaribisha Kenya na wewe umekaa kwenye kigoda chako Tanzania. Akaninyoshea simu.

"Mjomba, wewe si mtu wa kuhakiki vitu? Hebu nihakikie hii. Kadi hii inafaa au haifai?"

"Kadi ya nini, mura? Ya mchango wa harusi?"

Akacheka sana. Ilikuwa kadi ya gemu linaloitwa Hearthstone, la kampuni ya Blizzard, lililotoka mwaka 2014. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mzee ATM. Unachagua kadi 30, mwenzako naye 30. Kila zamu unapata nguvu moja zaidi ya kuchezea, mpaka zifike kumi. Mwenzako ana uhai 30, kazi yako ni kuumaliza kabla hajamaliza wako. Tatizo ni kwamba kila baada ya miezi kadhaa linatoka toleo jipya lenye kadi mpya nyingi. Usipozipata kwenye pakiti unaweza kuziunda kwa kitu kinachoitwa vumbi. Kadi ya daraja la juu kabisa inataka vumbi 1600. Ukijuta ukaivunja, unarudishiwa 400.

"Hilo vumbi nimelikusanya miezi mitatu bila kulipa hata mia," akasema. "Nikikosea, robo tatu imekwenda."

Kiukweli nilitaka kumwambia aachane na mambo ya kitoto. Ulimi ukanikwama. Swali lake ni swali ambalo niliwahi kulijibu vibaya, na aliyelipa hakuwa mimi.

Sisi tuliokulia kwenye karata za kijiweni hatukuwahi kuulizwa swali hilo. Karata ni 52. Zilikuwa 52 kabla hujazaliwa na zitabaki 52 ukishazikwa. Hakuna aliyewahi kufika kijiweni akasema jamani, wiki hii imetoka karata mpya. Hata majina tumeyakuta: kopa, shupaza, uru na pau yametoka kwa Wareno, pamoja na neno karata lenyewe, na lile ninalolipenda kuliko yote, turufu.

Lakini turufu inatufundisha kitu ambacho mpwa wangu alikuwa anakitafuta. Ree ya kopa ni kubwa, kila mtu anajua. Sasa ikiwa turufu ya leo ni uru, basi mbili ya uru, kale kakaratasi ambako jana ulikatupa bila kukatazama, kanaikata ree hiyo mchana kweupe. Karata haijabadilika hata alama moja. Kilichobadilika ni mchezo uliokuwa unaendelea pale mezani. Kwa hiyo mtu anayekuuliza "kadi hii ni nzuri?" ameuliza nusu ya swali. Nzuri kwenye mchezo upi?

Wachezaji wa hayo magemu ya simu si wajinga, wana vipimo vyao. Cha kwanza ni kuyafuta maandishi ya kadi kichwani na kubaki na namba. Ndani ya Hearthstone kulikuwa na kadi ya kawaida kabisa, Chillwind Yeti: unailipia nguvu nne, inapiga kwa nne, ina uhai tano. Haina maajabu yoyote. Ndiyo maana ikawa kama pishi la kupimia. Kadi mpya ya nguvu nne ikija, unaiweka pembeni ya huyo Yeti na kuuliza: imepungukiwa wapi, na maandishi yake yanafidia?

Kipimo kizuri, lakini kimewaaibisha wengi. Desemba 2014 lilitoka toleo la Goblins vs Gnomes, na ndani yake kadi inaitwa Dr. Boom: nguvu saba, inapiga saba, ina uhai saba, na inakuja na vidude viwili vidogo vya moja kwa moja ambavyo vikifa vinalipuka. Ukipima kwa namba, ni War Golem, kadi ya saba kwa saba ambayo wazoefu walikuwa wameshaidharau kwa uzito wake, iliyoongezewa vijisenti. Wapo wachambuzi walioipa alama za chini. Halafu watu wakaanza kuicheza. Haikuchukua muda ikawa karibu kila mtu anayeweza kuiweka ameiweka, mpaka toleo lake lilipoondolewa kwenye mashindano ya kawaida mwaka 2016. Namba hazikuwa za uongo. Wapimaji waliangalia kile kikubwa cha saba wakavipuuza vile viwili vidogo, na vile vidogo ndivyo vilivyomlazimisha mpinzani kuhangaika huku kikubwa kikiendelea kumpiga.

Magic: The Gathering, mchezo wa makaratasi uliotangulia haya yote tangu 1993, una kisa kikali zaidi. Mwaka 1995 ilitoka kadi inaitwa Necropotence. Inakunyima haki yako ya kuvuta kadi kila zamu, badala yake unanunua kadi kwa uhai wako mwenyewe, uhai mmoja kwa kadi moja. Wengi wakaisoma wakashtuka: kadi gani hii inayomkata mwenyewe? Mwaka uliofuata ilikuwa inatawala mashindano. Walioipuuza walikuwa wamesoma neno "hasara" wakasimama hapo. Hawakujiuliza uhai ule una kazi gani. Unaanza na uhai 20, na ukweli ni kwamba 19 kati ya hizo ni fedha, ni ule mmoja wa mwisho tu ndio maisha.

Na wala usidhani walioitengeneza kadi wanaijua zaidi. Skullclamp ya mwaka 2004 ilibadilishwa dakika za mwisho ili imvae mpiganaji kwa kumwongezea pigo moja na kumpunguzia uhai mmoja. Ilionekana kama adhabu. Kumbe mpiganaji mdogo akivaa anakufa papo hapo, na akifa unavuta kadi mbili. Ilitoka Februari, Juni ikapigwa marufuku kwenye mashindano makuu.

Kuna kipimo kingine, cha mchezaji wa Magic anayeitwa Brian Wong, na hiki ndicho kilichoninyima usingizi siku ile. Anasema kadi iulizwe mara nne: inafanya nini mchezo unapoanza, mkiwa sawasawa, ukiwa mbele, na ukiwa nyuma. Mpwa wangu akaipitisha ile yake. Mwanzoni haifai, ni ya nguvu tisa. Mkiwa sawa, nzuri. Ukiwa mbele, "inaua kabisa, mjomba." Ukiwa nyuma je? Akakuna kichwa. "Ukiwa nyuma unakufa nayo mkononi."

Hapo ndipo nilipoukumbuka ulezi wa mama.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafanya kazi mjini, mshahara umekaa sawa, na kama ilivyo kawaida yetu, mtu akipata mshahara anapata na ushauri wa kugawa. Mama alikuwa na shamba hapa hapa Susuni, na sehemu yake nzuri akiiacha kwa ulezi. Ulezi una kazi ngumu. Palizi yake inavunja mgongo, maana gugu lake changa linafanana nao kama pacha. Ndege wanausubiri. Unavuna suke kwa suke kwa kisu. Mimi nikapita duka la pembejeo, nikasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbegu za kisasa za mahindi, nikapiga hesabu ya magunia, nikatuma hela ya mbegu na mbolea. Nikamwambia mama, achana na ulezi, jaza mahindi.

Msimu wa kwanza nilikuwa shujaa. Wa pili mvua ikakatika mahindi yakiwa yanabeba. Yale ya akiba ghalani, dumuzi alikuwa ameshayafanya unga kabla ya mashine. Sasa ulezi una tabia moja ambayo haikuandikwa kwenye mfuko wowote: unakaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote. Lakini ghala halikuwa na ulezi. Wa mwisho ulishasagwa uji, na mbegu ikaondoka nao. Mama, mwanamke ambaye watu walikuwa wanakuja kwake kuomba mbegu, akaenda na kibakuli kwa jirani.

Hakunigombeza. Nilipokuja aliniambia sentensi moja tu: "Hukuniuliza ulezi ulikuwa unafanya kazi gani."

Nimeitafakari sana sentensi hiyo. Tathmini yangu ya mahindi haikuwa mbaya. Mbegu ile ilikuwa nzuri, mpaka leo tunaipanda. Kosa ni kwamba nilikihakiki kinachoingia, nikaacha kukihakiki kinachotoka. Fungu ni kadi 30, shamba lina mipaka, siku ina saa 24. Kila "hii inafaa" ni hukumu ya watu wawili, na mmoja wao hayupo mahakamani. Kipya kina mtangazaji, kina picha, kina maandishi mazuri. Cha zamani hakina wakili, kazi yake imeshazoeleka mpaka haionekani. Na mara nyingi ni ile kazi ya robo ya nne, ya siku ukiwa nyuma, siku ambayo mtu mwenye mshahara mpya haioni hata kwa ndoto.

Najua kuna msomaji anasema: haya, kwa mtindo huo tusingepanda chochote kipya. Hapana. Hayo mahindi yenyewe asili yake ni Amerika, na mihogo vilevile. Kuna bibi fulani, karne fulani, alisimama mbele ya ulezi na mtama wake akajiuliza kama huyu mgeni anafaa. Alimpa nafasi, na sisi tumekula. Anayekataa kila kipya kwa kuwa ni kipya anafanya kosa langu lile lile kwa kinyume chake, anahukumu mmoja bila kumsikiliza wa pili.

Na wapo wageni wanaonyimwa nafasi kwa muda mrefu bila sababu. Humu tunahakiki vitabu, tukumbushane. "Paradise" ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994 na kuingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo huo. Mzaliwa wa Zanzibar, hadithi ya kwetu, lakini "Peponi", tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, tumeipata 2022, baada ya Nobeli ya 2021. Miaka 28 kadi ilikuwa kwenye boksi. Haikubadilika neno. Turufu ndiyo iligeuka.

Kwa hiyo sina kanuni ya kukupa, nina masharti mawili tu ninayojiwekea. La kwanza, kabla sijasema kitu kinafaa, nikitaje kwa jina kile kitakachotoka na niseme kilikuwa kinafanya kazi gani. Nikishindwa kuisema, sijawa tayari kuhukumu. La pili, nijue anayelipa ni nani. Mpwa wangu akikosea anapoteza vumbi lake na anarudishiwa 400. Mimi nilikosea kwa shamba la mtu mwingine, na shamba halirudishi hata kumi. Anayecheza kwa akiba yake ana haki ya kubahatisha. Anayecheza kwa akiba ya mwenzake aache walau kibaba cha mbegu.

Nikamuuliza, "Ukiiweka hiyo, ipi inatoka?"

Akapitisha kidole kwenye kadi zake 30. Akasimama kwenye moja ya nguvu mbili, ya zamani, haina hata mng'ao. "Hii. Haijawahi kunishindia gemu."

"Imewahi kukuzuia usishindwe?"

Akanyamaza. Usiku ule nikamsikia akicheza mpaka bando likakata.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa ameiunda ile kadi yake. Akanionyesha, inameta kweli. Lakini aliyoitoa ni nyingine. "Ile ya mbili nimeiacha, mjomba. Nimeifuatilia, imenitoa shimoni mara nne." Kama aliamua sawa au vibaya, hilo atalijibu yeye na vumbi lake.

Mama akatoka ndani na mfuko wa unga wa ulezi, kama kilo tatu hivi, wa kwenda nao Mwanza. Kijana akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, halafu akachuchumaa mbele ya lile begi lake dogo lililojaa pomoni. Akafungua zipu, akakaa analitazama.